Ukitukanwa na Shefu, Kipande Chako Kimefika

Uvimbe ulipotokea shingoni mwangu, chini ya sikio la kushoto, sikumfikiria kwanza daktari wala mume wangu. Nilimfikiria Shefu. Nilijua daktari wa upasuaji angechukua kipande kidogo tu, kwa sababu uvimbe ulikuwa umekaa pabaya, umelalia mshipa mkubwa wa damu, na hangekubali kurudi kuchokonoa pale eti kwa kuwa watu wa maabara wameharibu alichowapa. Nilijua pia kwamba kipande hicho kingesema kama ni saratani au siyo. Nina watoto wadogo nyumbani Gihosha. Na katika mikono yote ya Bujumbura inayofanya kazi hii, ambayo ndiyo kazi yangu pia, sikuona mingine ya kukikabidhi.

Tatizo ni kwamba Shefu hakati kipande cha mtu anayemjua. Hajawahi. Na mimi alinijua kuliko alivyowajua watoto wake mwenyewe, maana watoto wake hakukaa akiwatazama vidole kutwa nzima.

Kwanza niseme kwamba Shefu hakuwa shefu wa chochote. Maabara yetu ilikuwa na mkuu wake halali, bwana mpole mwenye ofisi na feni, na yeye pia alimwita Shefu. Nadhani jina lilitokana na namna alivyoingia mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi wa Buyenzi, Mwislamu wa mji huu tangu enzi za babu zake, mtandio mweupe umepigwa pasi mpaka unasimama wenyewe. Aliingia kila asubuhi akitazama kuta kama mtu aliyekuja kukagua nyumba anayotaka kuipanga, hajaridhika na bati. Halafu ndipo alisalimu.

Kwa asiyeijua kazi yetu, iko hivi. Daktari akimkata mgonjwa nyama kidogo ili ajue ugonjwa, nyama ile haitazamwi hivi hivi kwenye darubini. Hulazwa ndani ya dawa isioze, hunyweshwa spiriti mpaka maji yote yaishe, kisha huzamishwa ndani ya nta ya moto. Nta ikiganda unapata kibonge kama kipande cha sabuni. Kibonge kinakatwa kwa mashine yenye kisu kikali, na kinatoka ukanda mwembamba mno, ukipumua ovyo unaruka na kupotea. Ukanda unalazwa juu ya maji ya vuguvugu ujinyooshe, unaokotwa kwa kioo, unapakwa rangi. Ukizembea mahali popote, kioo kinakuja na mikunjo, mikwaruzo na mapovu, na daktari wa darubini anabaki kubahatisha.

Shefu hakuvumilia kubahatisha. Kioo chenye mkunjo mmoja alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatuita wote, akauliza kwa sauti ya upole iliyotisha, "Hii ni nani aliikunja? Ni nguo? Tuipige pasi?"

Vipimo vyake alivijua mwenyewe. Tulikuwa na kipimajoto kizuri cha maji, lakini yeye alikunja mkono wa gauni na kutumbukiza kiwiko, kama anayepima maji ya kuogesha mtoto. Kiwiko kikisema hapana, hapana. Siku moja kipimajoto na kiwiko havikupatana. Tuliamini kipimajoto, na kanda zetu zote za nyama zikayeyuka kwenye maji kama siagi. Siku nyingine tuliamini kiwiko, mambo yakawa yaleyale. Shefu akasema siku ile kiwiko kilikuwa na homa.

Kibonge kikiwa kigumu mno, mkataji hukipulizia pumzi ya mdomo kikalainika kidogo. Hilo linafanywa kila mahali. Lakini Shefu alishikilia kwamba nta inajua ulichokula. Kitunguu kilipigwa marufuku mpaka saa ya kutoka. Ramadhani ilipoingia, ukanda wake ulitoka umenyooka kuliko miezi yote, naye akasema ni pumzi ya njaa, haina uchafu. Basi ikawa vita. Alitaka na Wakatoliki wafunge. Mwenzetu mmoja, mama mnene wa kwaya, alimwambia, "Shefu, mi niko na Kwaresima yangu, inatosha." Shefu akamjibu, "Kwaresima yako unakunywa chai na mandazi. Ile si njaa, ile ni pozi." Mwishowe mkuu wa maabara aliamua kwamba mtu atafunga kwa dini yake, na vibonge vigumu vyote apewe Shefu.

Kabla ya kukatwa, kibonge lazima kipoe juu ya barafu, na friji yetu ilikuwa kitu cha kuwekea mafaili. Barafu ya kuaminika ilipatikana kwenye baa iliyo ng'ambo ya barabara. Shefu, ambaye hakukosa swala hata moja, hakumwamini mtu kuileta. Alikwenda mwenyewe kila asubuhi na termosi yake kubwa ya maua, watu wa baa wakimpokea kwa shangwe.

"Hajati! Ya kawaida?"

"Ya kawaida. Na leo usiniwekee ile imelala na chupa. Iko na harufu."

Wapita njia walimwona akitoka baa asubuhi, mtandio umenyooka, termosi kwapani. Habari ikafika msikitini. Sheikh alimwita, kwa heshima sana, akamuuliza habari ya baa. Shefu alimweleza habari ya barafu. Halafu kwa kuwa hakuwahi kuacha jambo lilipoishia vizuri, akamweleza na habari ya spiriti, kwamba kazini kwake hunywesha vipande vya nyama pombe kali kuanzia hafifu hadi tupu kabisa, mchana kutwa. Sheikh akauliza, "Sasa hivyo vipande, vinalewa?" Shefu alituhadithia haya kwa hasira, akisema ni swali zuri na hajui kwa nini hatukuwahi kumuuliza sisi.

Vipande vyenyewe alivisalimia. Chupa ikifika kutoka mikoani alisema, "Pole na safari," akaiuliza kama ilipata kiti kwenye basi. Hasira yake aliiweka kwa chombo. Tulipokea nyama ndani ya chupa za Fanta, ndani ya kopo la mayonezi ambalo mayonezi hayakuisha, mara moja ndani ya maji ya chumvi na ndimu, maana aliyeituma aliona ndivyo samaki wanavyotunzwa. Shefu alitazama lile kopo la ndimu muda mrefu. "Huyu apana daktari," akasema. "Huyu anangojea mukaa." Lakini alikikata, na kilisomeka.

Sasa ile kanuni yake. Nilimsikia akieleza chanzo chake kwa namna nyingi, na hakuna zilizofanana. Mara ni ndoto. Mara ni mama yake mzazi aliyemkataza kumshika mtu ndani. Mara moja tu, tukiwa tumekaa peke yetu, alisema zamani alikata kipande cha wifi yake, mkono ukajua ni wifi, ukatetemeka, kisu kikaacha mistari kama meno ya kitana. Ikabidi wifi akatwe tena mwilini. "Mukono ikijua mutu, inaomba dua," akasema. "Na mukono yenye kuomba dua apana kukata." Mimi naamini hii ya wifi.

Kwa hiyo kila asubuhi tulimsomea majina. Jina asilolijua, alikaa kwenye mashine. Jina analolijua, aliinuka akaenda kusimama kwenye korido, uso ukutani, mpaka tumalize. Na Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga, nani hakumjua? Kuna siku alikaa korido mpaka adhuhuri, sisi tukiharibu kibonge baada ya kibonge, yeye akisikia sauti ya mashine na kuguna.

Ndipo alipobuni dawa yake. Kama humjui mtu unaweza kumkata, na mtu mliyegombana mkanuniana si ni kama humjui? Ilianza na muuza vitambaa wa mtaani kwake, mzee wa zile familia za Waarabu zilizokaa mjini tangu zamani, rafiki wa marehemu mumewe. Kipande cha tumbo lake kilifika asubuhi. Saa ya mapumziko Shefu alikwenda mpaka dukani, akasimama mlangoni mbele ya wateja.

"Mzee! Ile kitambaa yako ya juzi ilitoka rangi hata mbele ya kuiloweka! Mi na we tumemaliza. Usinisalimie tena, mi sikujui!"

Alirudi kazini anahema, akakaa kwenye mashine, akakata ukanda mrefu usio na doa. Majibu yalipotoka, mema, alibeba sahani ya pilau iliyofunikwa akaenda kupatana. Ikawa desturi. Alimtukana muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alimtukana mwalimu wa madrasa wa watoto wake, alimtukana jirani wa ukuta mmoja aliyekuwa amemkopesha sufuria. Sahani ya pilau ilikwenda majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya. Palipokuwa na mabaya alikaa mpaka jioni, akasaidia kuosha vyombo.

Mtaa haukuchukua muda kuelewa. Ukitukanwa na Shefu, kipande chako kimefika, na kiko kwenye mikono salama. Watu wakaanza kumjia wenyewe. Nilikuwapo siku mama mmoja alipomzuia sokoni, kipande cha titi lake kimepelekwa hospitali juzi yake.

"Shefu, mbe, hujanitukana bado."

"Nikutukane ya nini? Umefanya nini?"

"Tafuta kitu tu, mama. Angalia hata hii kitenge yangu."

Shefu alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Ni muzuri," akasema kwa huzuni. Yule mama akaondoka amekata tamaa. Chupa ilikuwa haijafika tu. Ilifika kesho yake, na Shefu akamtukana vizuri, akaanzia kwenye kitenge.

Muuza vitambaa, mara ya pili alipopelekewa matusi, alifurahi mno akamletea kiti. "Ahsante, mama, ahsante sana." Shefu akapiga kelele, "Usiniletee kiti! Tumegombana!"

Balaa lilikuwa kwamba Shefu alikuwa pia na hasira za kweli, kama mtu yeyote. Ijumaa moja baada ya swala alijilaza kidogo, na fundi wa magari wa nyuma ya nyumba yake akaanza kunyoosha mlango wa gari kwa nyundo. Shefu alitoka akamtukana yeye, nyundo yake na gari lenyewe. Fundi aliachia nyundo chini. Alikuwa kijana mwenye afya ya ng'ombe, hajawahi kupimwa hata macho. Alikuja hospitali siku hiyohiyo na nguo za grisi.

"Nimekuja kuuliza kipande yangu inasema nini."

"Kipande gani?"

"Mi sijui. Lakini Shefu ameshanitukana."

Alipimwa, hakukutwa na kitu, hakuamini. Alikwenda kulala kitandani akageukia ukuta. Mke wake akaanza kulia, wajomba wakaja kutoka Kajaga na samaki. Ikabidi Shefu aende kumwomba msamaha. Alikaa kando ya kitanda, akasema kwa sauti laini kwamba alikosa, na kwamba nyundo ni haki ya fundi. Fundi alipomwona mpole namna ile akauliza kama ameshakufa. Kilichomponya ni Shefu kuchoka, kusimama, na kumwambia kwamba ni mvivu anayetafuta sababu ya kulala, ainuke. Fundi akakaa, akaomba chai.

Ukimwona kazini ungedhani nyumbani kwake vitu vimepangwa kwa rula. La. Nyumbani alikata vitunguu mabonge, nyanya kila kipande na ukubwa wake, na mkate alioukata yeye ulisimama upande. Nilimtania siku moja. Akasema, "Hapa hakuna daktari wa kusoma kachumbari." Na miwani yake aliiacha kazini, kwa hiyo nyumbani alisalimia makoti yaliyotundikwa.

Alipostaafu alihamia Kanyosha kwa binti yake, akapanda lengalenga, yaani mchicha, na kufuga kuku. Maabara ikapata mashine mpya, umeme ukaendelea kukatika vilevile, na vipande vigumu vilipokuja tulimpigia simu. Alikuja, akalalamikia mashine mpya kuwa haina adabu, akakata, akaondoka.

Basi nilikwenda Kanyosha. Petroli ilikuwa haipatikani mjini, nikatembea sehemu kubwa ya njia, na nilikuwa nimevaa kusudi. Nilichagua kitenge kisichopatana na blauzi, ndala moja imeshonwa kwa uzi wa bluu, na kichwani nilijifunga vibaya. Nilitaka asipate shida ya kutafuta.

Nilimkuta anachambua lengalenga. Nilimwambia yote: shingo, daktari, kipande kimoja kidogo, kwamba siwezi kukikata mwenyewe, na wenzangu wote maabara wananijua pia, na mikono yao si yake. Halafu nikangoja matusi.

Alinitazama ndala. "Hizi viatu..." akaanza. Mdomo wake ukacheza. Akajaribu tena, "Na hii kichwa, we, kama..." Akaweka lengalenga chini.

"Apana. Mi siwezi."

"Nitukane kidogo tu, Shefu."

"Nikikutukana we, nitacheka. Nikicheka, mukono inajua." Akakamata mkono wangu na majani yake yote. "Ni mi nilikufundisha kushika kisu, mwanangu. Nitasema sikujui namna gani?"

Nililia pale mbele ya kuku. Akanipa chai, nikanywa, nikarudi Gihosha nikiwa na hofu kuliko nilivyokwenda.

Siku kipande changu kilipokuwa tayari ndani ya nta, nilikuwa maabara tangu mapema, koti jeupe mwilini, bandeji shingoni, sijui nifanye nini. Mlango ukafunguliwa. Shefu akaingia, mtandio umesimama, termosi ya maua kwapani. Akatazama kuta. Akawasalimu wenzangu mmoja mmoja kwa majina. Akafika kwangu akasimama.

"Huyu madamu ni nani?"

Mama wa kwaya akachanganyikiwa. "Ni yeye, Shefu."

"Sikuulizi kama ni yeye. Nauliza ni nani." Akanigeukia, uso umenyooka kabisa. "Bonjour, madamu. Unangojea nini hapa?"

"Nangojea... kipande yangu ikatwe."

"Sawa. Wagonjwa apana kuingia huku. Nenda ukae kwenye benchi na wengine. Na hiyo koti uliiazima wapi? Uirudishe."

Nilifukuzwa kwenye maabara yangu mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi bila koti, kati ya mzee mwenye goita na mama aliyekuwa akingojea majibu ya mumewe, nikachungulia dirishani. Nilimwona akikunja mkono wa gauni na kutumbukiza kiwiko. Nilimwona akiinama juu ya kibonge changu na kukipulizia taratibu. Mama wa kwaya alikuja kuninong'oneza kwamba Shefu amekataa chai, na tangu jana hajala. Haikuwa Ramadhani. Nilifunika uso kwa mikono.

Alipotoka alinipita. "Bon courage, madamu," akanitakia moyo, kwa sauti ile ya mtu anayewahi basi. Jioni nilimpigia simu, nikasikia, "Hii namba ni ya nani?" Nikajitaja. "Umekosea namba, mama," akasema, akakata. Nilipojaribu kesho yake, binti yake ndiye aliyepokea, akaniambia kwa kunong'ona kwamba ameamriwa asinijue na yeye, na kwamba mama haendi hata kulisha kuku.

Siku ya majibu nilikaa kwenye benchi lilelile, sikuthubutu kuingia. Daktari wa darubini, ambaye huwa hacheki, alitoka anacheka.

"Félicitations," akanipongeza. "Ni kifua kikuu. Kimeshika tezi. Saratani hakuna. Kioo kilikuwa safi kabisa, kila kitu kimekaa mahali pake, sikuwa na cha kubahatisha. Utakunywa dawa utapona."

Nilipiga vigelegele. Sijawahi kuona mtu anafurahia kifua kikuu namna ile, na mtu mwenyewe ni mimi. Mzee wa goita alinipa mkono. Benchi zima likapiga makofi, na yule mama aliyengojea majibu ya mumewe akamshika daktari koti, akauliza kama na wao hawawezi kupewa hicho hicho.

Nilitoka nje nikimtafuta mtu wa kumwambia. Alikuwa amesimama getini, kwenye jua, na sahani imefunikwa kwa kitambaa cha maua. Sijui nani alimwarifu. Pengine hakuarifiwa, pengine alikuja kila siku. Aliponiona aliweka sahani juu ya ukuta mdogo, akanyoosha mikono.

"Yoo, mwanangu! Ni we! Ulipotelea wapi siku hizi zote?"

"Nilikuwa mgonjwa, Shefu."

"Mugonjwa! Na hukuniambia!" Alinishika uso, akaugeuza, akatazama bandeji kama ndiyo mara ya kwanza kuiona. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, vyote. "Nani alikukatia?"

"Mama mumoja hivi. Simujui."

"Alikata muzuri?"

"Muzuri sana. Lakini ni mukali. Alinifukuza nje, akanivua na koti."

"Wako watu wa namna hiyo," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi, hakuyafuta. "Ukimuona tena, umushukuru."

Nikamshika ile mikono miwili mpaka ikatulia, nikamwambia nikimwona nitamshukuru.